Fungate Juu ya Maji



Wanandoa wapya wamerejea kutoka fungate Visiwa vya Maldivi, katika nyumba iliyosimama juu ya nguzo baharini. (Nasimulia kwa ruhusa yao.) Gharama siwalaumu. Wao walihofia Dominika iliyopita bila Misa. Lakini kule hakuna kanisa Katoliki, na sheria hairuhusu ibada ya hadhara isiyo ya Kiislamu. Pasipo padre, Kanuni ya 1248 yahimiza sala, hata ya kifamilia.

“Je, mlisali pamoja?”

Wakatazamana, wakainamisha nyuso. Tangu uchumba hawajapata kufanya hivyo. Kwangu mimi, hilo lasikitisha kuliko Misa waliyoikosa. Nimewaomba leo usiku, kabla ya kuzima taa, wasali Baba Yetu, kwa sauti.