Spea Zipo

“Hii spea zake hazipo.” Maneno manne tu, na redio iliyokaa nyumbani miaka arobaini inageuka takataka. Nimeyasikia Dar es Salaam, nimeyasikia Tanga, nimeyasikia Mombasa, na mara nyingi hutamkwa kifuniko kikiwa bado na skrubu zake zote. Fundi hutazama umri wa chombo, hutikisa kichwa, akakurudishia. Mwenye mali naye alishaamini kabla hajatoka nyumbani. Akitoka hapo anapitia dukani kununua sabufa, na amplifaya ya baba yake inahamia stoo, halafu kwa wanunuzi wa vyuma chakavu wanaoipima kwa kilo.

Imani hiyo ni potofu kuanzia mzizi hadi jani. Naamini imetuulia vyombo vingi kuliko umeme mbovu wa miaka yote.

Chukua amplifaya ya mwaka 1975, ya Kijapani au ya Kijerumani. Ichomoe kwenye umeme, iache itulie maana ndani mna kapasita zinazotunza chaji, kisha ifungue. Utakuta transfoma, daiodi nne, kapasita mbili nene kama betri za tochi, rezista zenye michirizi ya rangi, transista, na nyaya. Basi. Hakuna siri ya kiwanda humo. Kinachozeeka kwanza ni zile kapasita za elektroliti, kwa sababu zina majimaji ndani, nayo hukauka mwaka hadi mwaka, na joto huharakisha kukauka huko. Zikishakauka, umeme wa ukutani huanza kusikika ndani ya muziki. Ndio ule mvumo mnene unaobaki hata ukipunguza sauti hadi mwisho. Watu wakiusikia husema redio imekufa.

Kapasita haina ukoo. Haijali kama imefungwa kwenye Sansui, Grundig au Philips. Inajulikana kwa uwezo wake wa kuhifadhi chaji, volti inazohimili na joto inalostahimili. Iliyotoka kiwandani ikiwa na maikrofaradi 2,200 na volti 35, leo mahali pake unaweka ya maikrofaradi 2,200, volti 50, nyuzi 105. Za siku hizi zimekuwa ndogo kwa umbo, kwa hiyo itaingia na nafasi itabaki. Usishawishike kuweka kubwa maradufu ukidhani utaongeza nguvu, maana kila unapowasha, daiodi ndizo zitakazobeba mzigo huo. Spea hiyo inauzwa katika kila duka la vifaa vya elektroniki. Aliyesema haipo hakwenda kuitafuta.

Huku pwani kuna jambo jingine, nalo hata spea halihitaji. Hewa ya chumvi hula swichi na kitufe cha sauti. Ukikizungusha kinakwaruza, spika moja inakatika, ukikipiga kidogo inarudi. Hiyo ni kutu na vumbi. Dawa yake ni dawa ya kusafishia kontakti na subira ya nusu saa.

Uongo umejificha vizuri zaidi kwenye transista. Mteja anaambiwa namba iliyoandikwa juu yake haipo madukani, naye anadhani namba ni kama jina la mtu, kwamba akifa huyo hakuna mwingine. Lakini transista ni kazi. Unauliza inahimili volti ngapi, inapitisha umeme kiasi gani, inakuza mara ngapi, na miguu yake imepangwaje. Ile 2SC1815 ya Toshiba, iliyojaa kwenye vyombo vya Kijapani vya miaka ya 1970 na 1980, inahimili volti 50. BC546 ya Kizungu inahimili volti 65, na katika kazi nyingi za sauti ndogo itashika nafasi yake bila sikio lako kujua. Ila ya Kijapani, ukiitazama usoni, miguu yake inaanza na emita, inafuata kolekta, kisha besi. Ya Kizungu ina kolekta, besi, emita. Wapo wanaoibandika hivyo hivyo ilivyo, chombo kinakaa kimya, na jawabu linakuwa lile lile kwamba spea halisi haipatikani. Kilichokosekana pale ni kusoma karatasi moja ya maelezo.

Kuabudu “orijino” ndiko kunakowalisha wauza feki. Ukimwambia muuzaji unataka 2N3055 yenye jina fulani na si nyingine, atakupa yenye jina hilo. Ndani ya kile kibati cha chuma kuna punje ya silikoni ndogo kuliko inavyotakiwa, na itaungua jioni ya kwanza ya sherehe. Kuna kapasita kubwa ambazo ukizipasua unakuta kapasita ndogo imefichwa ndani kama mtoto aliyevalishwa koti la babu yake. Kinachomlinda mteja ni kipimo. Siku hizi kuna vipimo vidogo vya Kichina, usanifu wake ukitokana na kazi iliyotolewa bure na wapenzi wa elektroniki wa Ujerumani. Unachomeka transista, nacho kinakutajia aina yake, miguu yake na inavyokuza. Unachomeka kapasita, kinakutajia kilichomo hasa. Fundi mwenye kipimo hicho mezani anaweza kununua jina lolote na akalala usingizi.

Tena watu hudhani chombo kikizidi uzee, spea zake huzidi kuadimika. Mara nyingi mambo ni kinyume. Redio za mbao za miaka ya 1950 zilitumia vali, yale mabomba ya kioo yanayowaka ndani kama makaa. Viwanda vya Ulaya Magharibi na Marekani vilivyokuwa vikizitengeneza vilifunga milango, lakini EL84 na ECC83 mpya zinatoka hadi leo kwenye kiwanda cha JJ huko Slovakia, na nyingine zinatoka Urusi na China. Waliozibakiza hai ni wapiga gitaa, ambao hawakukubali kuiacha sauti yake. Mwaka 2022 vita vya Ukraine vilipozuia kwa muda bidhaa za Urusi, soko lilitikisika, kisha likasimama. Vali ya babu unaipata mpya. Sasa tafuta spea ya ile sabufa uliyonunua mwaka juzi.

Maana hapo ndipo ushauri wa “nunua mpya” unapokupeleka. Fungua sabufa ya bei nafuu utakuta saketi moja imebeba kila kitu, na katikati yake kuna aisii ambayo namba zake zimekwanguliwa makusudi. Spika za bluutuuthi zimegundishwa, huwezi hata kufika kwenye betri bila kuvunja ganda. Kwa vyombo hivyo, maneno “spea hazipo” ni ya kweli, kwa sababu aliyevitengeneza alikusudia hivyo. Tunakimbia chombo kinachotengenezeka kwa hofu kwamba hakitengenezeki, tunakumbatia kisichotengenezeka kwa kuwa kinang’aa.

Miaka kadhaa iliyopita binamu yangu alirudi kutoka Marekani na gramafoni nzuri ya mkanda, pamoja na transfoma ya kushusha umeme. Tukaweka santuri ya taarabu. Mwimbaji alikuwa mwanamke, nasi wote tulimjua, lakini sauti iliyotoka ilikuwa nzito kama ya mwanamume aliyeamshwa usingizini. Nikampelekea fundi mmoja. Akasema mota imechoka na haipatikani. Nilipomsihi aitazame vizuri, akakaa nayo miezi miwili, kisha akanirudishia ikiwa na mota ile ile na sindano imevunjika. Bado nina uchungu na jambo hilo, kwa sababu mota ile haikuwa na kosa lolote.

Nilikuja kuambiwa hivyo na mzee mmoja anayesuka mota za pampu. Hakuuliza jina la kampuni. Aliuliza, “Mwanangu, hii imetoka wapi?”

“Marekani, mzee.”

“Basi. Huko umeme ni wa hezi 60, hapa ni 50. Mota ya namna hii inaufuata umeme kama mtoto anavyomfuata mama yake. Transfoma yenu imeshusha volti, hezi haikuzigusa.”

Mota ilikuwa ikienda kwa sehemu tano kati ya sita za mwendo wake. Badala ya mizunguko 33 na theluthi kwa dakika, santuri ilizunguka chini ya 28. Kilichotakiwa ni kubadili puli ndogo iliyo juu ya mota, iongezwe unene kwa sehemu moja ya tano; ya milimita 10 iwe ya 12. Viwanda vyenyewe zamani vilitengeneza puli za aina mbili kwa sababu hiyo hiyo. Tukaipeleka mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, kwa fundi wa kukereza vyuma, akaikata kutoka kwenye kipande cha shaba nyeupe huku chai yake ikipoa pembeni.

Hilo ndilo ninalotaka lisikike. Ujuzi upo mtaani kwetu, ila umekaa vibanda tofauti visivyozungumza. Transfoma iliyoungua, ambayo muuza redio huiita mwisho wa safari, anayesuka mota anaweza kuisuka upya kwa waya ule ule wa shaba. Mkanda wa deki ulioyeyuka ukawa lami nyeusi unapimwa kwa uzi, kisha unatafutwa wa urefu huo na unene huo. Jina la deki halihusiki. Spika iliyooza ukingo wake wa sponji hubandikwa ukingo mpya, na koni ikabaki ya zamani. Na hata sindano ya ile gramafoni ilipatikana. Katriji yake ilikuwa ya Shure, kampuni iliyoacha kutengeneza katriji mwaka 2018, lakini JICO ya Japani inatengeneza sindano za kuingia humo.

Sikatai kwamba kuna vifo vya kweli. Kichwa cha kusomea mkanda kikishalika hadi kupitiliza hakirudishwi kwa kusafisha. Aisii iliyobeba programu ya kiwanda, ikifa, imekufa. Zile STK za Sanyo zilizojaa kwenye amplifaya za miaka ya 1980 hazitengenezwi tena, na nyingi zinazouzwa ni feki. Hata hapo fundi mwenye mchoro wa saketi anaweza kujenga kipaza cha transista za kawaida kwenye ubao mdogo na kukifunga mahali pake. Ninachopinga ni kutangaza kifo bila kumgusa mgonjwa.

Na ninapinga kwa ukali kwa sababu kinachopotea kinazidi redio yenyewe. Mwaka 1928 mwimbaji wa taarabu Siti binti Saad alivuka bahari hadi Bombay kurekodi kwa kampuni ya santuri ya HMV. Santuri zile ni za mizunguko 78, zina mifereji mipana. Ukizichezea sindano ya santuri ndefu za baadaye, ncha yake inazama chini mahali palipojaa vumbi, unasikia mkwaruzo mtupu, unasema santuri imeisha. Ziwekee sindano yake, yenye ncha pana takriban mara nne, na mama yule anaimba. Mikanda ya Radio Tanzania Dar es Salaam, iliyobeba bendi za miaka ya 1960 na 1970, haiwezi kusikika bila mashine ya rili inayozunguka sawasawa, na mashine hizo zina mota, mikanda na kapasita zinazozeeka kama zile za amplifaya yako. Anayeziita mbovu kwa kuzitazama tu anaufunga mlango wa nyumba yenye watu ndani.

Kwa hiyo usiache chombo chako kwa fundi asiyekifungua mbele yako. Mwambie akionyeshe kilichokufa kwa kidole, si kwa jina la kampuni, akuambie kazi yake ilikuwa nini. Mtake asikichomeke moja kwa moja ukutani baada ya kukitengeneza, apitishe umeme kwanza kwenye globu ya waya iliyofungwa mfululizo, ili kama kuna kosa iwake globu badala ya kuungua transfoma. Akikataa yote hayo, beba mali yako uende kibanda cha pili, hata kama ni cha msuka mota.

Mzee wangu alipomaliza kufunga ile puli hakuniomba nisikilize. Alitoa duara la karatasi alilolichora mwenyewe kwa penseli na rula, mistari 180 kuzunguka ukingo, akalilaza juu ya sahani ya gramafoni na kuwasha globu ya zamani juu yake. Kwa umeme wetu globu hupepesa mara 100 kwa sekunde, ingawa jicho halioni. Mistari ilianza kama ukungu, ikateleza nyuma, ikapunguza mwendo, kisha ikasimama kabisa huku sahani ikizunguka. Akaitazama muda mrefu. “Haya,” akasema, “mlete huyo mama yenu.”