Watoto Hawa Wasifichwe

Upo ulemavu mmoja wa kuzaliwa nao ambao wananchi wengi hawajapata kuusikia, na ambao ukitokea nyumbani huzusha maneno mengi kuliko msaada. Mtoto huzaliwa na uzito mdogo, kichwa chake kidogo, mwili wake umelegea, na hunyonya kwa taabu. Kilio chake ni chembamba mithili ya mtoto wa paka, na kwa ajili hiyo madaktari wameuita ugonjwa wa kilio cha paka.

Katika visiwa vyetu mtoto aliaye hivyo huweza kudhaniwa kuwa kachezewa na shetani, na mama yake akanyooshewa kidole. Ukweli ni mwingine, na ulibainishwa mwaka 1963 na daktari wa Kifaransa, Jérôme Lejeune, pamoja na wenzake. Ndani ya chembe za mwili wa binadamu mna kromosomu 46, nyuzi ndogo mno zinazobeba maagizo ya umbile letu, nusu kutoka kwa baba na nusu kutoka kwa mama. Kwa watoto hawa, kromosomu moja ya namba 5 imekatika kipande. Hukadiriwa kuwa hali hiyo humpata mtoto mmoja kati ya 15,000 hadi 50,000 wanaozaliwa.

Katika kila familia kumi zenye mtoto wa namna hii, takriban nane au tisa hazikurithi chochote. Kipande hupotea kwa bahati tu, wakati mbegu ya uzazi inapojijenga, na mara nyingi hupotea upande wa baba. Basi mume anayemwacha mkewe kwa sababu ya mtoto huyu anamdhulumu. Katika familia chache zilizosalia, mzazi mmojawapo, ingawa mzima wa afya, hubeba kromosomu zilizobadilishana vipande. Hao wanahitaji ushauri wa daktari kabla ya kuzaa tena.

Hakuna dawa ya kukirudisha kipande kilichopotea. Hata hivyo, kukosa dawa si kukosa la kufanya. Zamani, huko Ulaya na Marekani, wengi wa watoto hawa waliwekwa katika majumba ya malezi mbali na wazazi wao, ikasemwa kuwa hawatatembea wala kusema. Walipolelewa nyumbani na kufundishwa tangu uchanga, wengi walitembea, wakajifunza kula wenyewe, na wakaeleza haja zao kwa maneno machache au kwa ishara. Samaki mkunje angali mbichi.

Hapa ndipo wajibu wa viongozi unapoanza. Kilio kile, kwa wengi, hufifia kadiri mtoto anavyokua. Kwa hiyo wa kukitambua mapema ni mkunga na muuguzi wa kituo cha afya. Wafundishwe. Kipimo cha kromosomu kinataka maabara maalumu, lakini mazoezi ya viungo, mafunzo ya kulisha na ya kuzungumza hayana haja ya kungoja majibu ya maabara. Huduma hizo zifike Unguja na Pemba, mjini na shamba. Masheha nao wajue ni nyumba gani ina mtoto anayechelewa kukua, na walimu wa skuli na wa madrasa wampokee.

Wapo watakaouliza kwa nini Serikali ijishughulishe na ulemavu wa nadra namna hii. Jibu letu ni kwamba mkunga na mwalimu watakaoandaliwa kwa ajili ya mtoto huyu watawafaa pia watoto wengine wote wenye kuchelewa kukua, nao si wachache. Aidha, mwaka 2006 Zanzibar ilitunga sheria ya haki za watu wenye ulemavu, na mwaka 2009 Tanzania iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa juu ya haki hizo. Ahadi hizo hazikuwekewa idadi ya chini ya wanaostahiki.

Kwa wazazi tunasema: mficha maradhi, kifo humuumbua. Mtoto atolewe ndani, apelekwe kituoni. Na akifika huko, pasiwe na ofisa wa kumwambia mama yake kwamba hakuna la kufanywa.