Jiko Chini, Meza Juu

Miongoni mwetu wamo wenye jamaa waliojenga Meru na Embu, miji iliyokaa kwenye miteremko ya Mlima Kenya. Penye kiwanja cha mteremko, jiko na ghala aghalabu hukaa chini, na sebule hukaa juu. Ramadhani inapoingia, sufuria za uji na sinia za futari hupandishwa ngazi kwa mikono, na huenda abebaye akawa mja mzito au nyanya mwenye maumivu ya magoti.

Dawa yake ni lifti ndogo ya chakula, yaani kabati lipandalo na kushuka ndani ya shimo la ukuta. Kwetu si jambo geni, kwani ni jamaa wa kikapu cha kamba kinachoshushwa dirishani kwa muuza mboga.

Shimo hilo hupangwa katika ramani, kabla ya zege la ghorofa kumwagwa. Kulitoboa zege lililokwisha kukauka huenda kukakata nondo zinazoibeba nyumba, wala kazi hiyo haifai bila idhini ya mhandisi. Tena shimo lililo wazi ni dohani: moto ukizuka jikoni, moshi hupanda hadi vyumba vya kulala. Basi kuta zake ziwe za mawe au matofali, na milango yake iwe ya kuzuia moto.

Lifti nyingi za namna hii hubeba kilo 50 hadi 100. Gunia la viazi kwa mujibu wa kanuni za Kenya lisizidi kilo 50, basi tuupime mzigo wetu kwa kipimo hicho. Ile ya kamba na uzito wa kusawazisha huvutwa kwa mkono, na haisimami umeme ukikatika.

Hatari kubwa ni kwa watoto, ambao huliona kabati hilo kuwa maficho. Mlango usifunguke ila kabati limesimama nyuma yake, wala kabati lisiende mlango ukiwa wazi. Mtu asipande kamwe, hata kwa mzaha.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yataka lifti za mahali pa kazi zikaguliwe kila miezi 6. Nyumbani nako tujiwekee desturi hiyo. Fundi asiyeweza kutuonyesha jinsi mlango unavyojifunga, tusimpe arubuni.