Pingu Zina Mpaka

Ndugu wa Malinya, twauliza: chifu akivuka mpaka wa lokesheni yake, avuka na mamlaka ya nani? Sheria ya Machifu, Sura ya 128, humpa nguvu juu ya watu walio katika eneo aliloteuliwa kulisimamia, basi! Nje ya hapo ni raia tu, sawa na katekista wetu: akishuhudia kwa macho yake kosa lisilohitaji hati ya kukamatia, aweza kumkamata mkosaji, lakini sharti amkabidhi polisi bila kukawia. Hatukudai marekebisho ya 1997, yaliyopunguza ubabe huu wa kikoloni, ili watu waburutwe usiku kutoka lokesheni jirani. Katiba ya 2010, Kifungu cha 49, yataka mkamatwa aelezwe sababu upesi. Akibisha hodi, tumwulize sababu na mpaka, majirani wakisikia.