Usiuze Shamba kwa Sababu ya Jina la Chuo
Kijana mmoja wa mtaa wa Umoja ameniandikia. Ana digrii ya uhandisi wa umeme, na vyuo viwili vya Marekani vimempa nafasi. Kimoja kina jina kubwa lakini hakitoi hata senti. Cha pili kitamlipia karo na kumpa posho akimsaidia profesa katika utafiti. Babake yu tayari kuuza shamba ili aende kwenye chuo chenye jina.

Mwanangu, shamba liacheni. Muulize profesa huyo wanafunzi wake huhitimu baada ya miaka mingapi, na posho ni ya muda gani. Wala usiharakishwe: vyuo vingi vya huko vimekubaliana kuwa aliyepewa ufadhili ana hadi Aprili 15 kujibu. Ukishayajua hayo, keti na babako mwamue.