Eti hita ya nini Dar?

Wadau, kuna usemi nimeusikia gereji mpaka umenichosha: "Bosi, hita ya nini Dar? Tuikate tu." Mimi niliukubali, ukanitoa jasho. Leo naomba niseme kwa nini naona ni ushauri wa hasara, na kwa nini lawama si za fundi peke yake.

Kwanza tuelewane. Mengi ya magari yetu ni mitumba ya Japani, nchi yenye theluji, ndiyo maana yana hita. Hita hiyo si jiko la umeme kama wengi tunavyodhani. Ni rejeta ndogo iliyofichwa nyuma ya dashibodi. Mipira miwili inatoka kwenye injini: mmoja unapeleka maji ya moto, mwingine unayarudisha. Feni inapuliza hewa kwenye hicho kirejeta, wewe unapata joto. Sasa hapa ndipo tunapokosea. Hata usipowasha hita mwaka mzima, mipira hiyo iko kwenye moto na presha kila unapoendesha. Ukipasuka mmoja tu, maji ya injini nzima yanakwisha.

Yaliyonikuta ni haya. Mwezi Mei 2022 fundi alifungua boneti, akaniambia mipira ya hita imechoka. Mipya pamoja na kazi yake, elfu arobaini. Au tuikate hita, tuunganishe kwa kipande alichokuwa nacho, elfu tano. Mwezi huohuo nilikuwa nimenunua spika za laki mbili. Nikachagua elfu tano, nikajiona mjanja.

Juni tukapata msiba Njombe. Nilikuwa na mama mdogo, tunakwenda kumzika mjomba, kaka yake. Tunapanda Kitonga, mshale wa joto ukapanda, halafu ukashuka wenyewe. Nikashukuru Mungu, nikakanyaga mafuta. Kumbe kile kipande kilishapasuka na maji yalishakwisha. Kipimo kisipoguswa na maji hakisemi kweli. Injini ikazima palepale. Tulifika Njombe kesho yake mchana kwa basi, wameshazika. Mama mdogo hakunilaumu hata neno moja. Afadhali angenilaumu. Silinda hedi ilikuwa imepinda, nikatoa laki tisa. Na baridi ya Njombe mwezi wa sita wanaoijua wanaijua. Huko ndiko ningeitaka hita niliyoikata.

Hoja yangu ni hii. Kwanza, hita ni rejeta ya pili. Gari likianza kuchemsha mlimani, ukifungua hita mpaka mwisho na feni juu, inapunguza joto kidogo, unapata nafasi ya kufika mahali salama ukasimama. Si tiba, lakini ukishaikata huna hata hiyo nafasi. Pili, Tanzania si Dar tu. Kuna Mbeya, Mufindi, Lushoto, na kuna vioo vinavyoingia ukungu asubuhi. Tatu, kuunga hakuondoi tatizo. Bado ni mpira, tena mara nyingi ni mkuukuu kuliko ule ulioutoa.

Kukagua hakuhitaji digrii. Injini ikiwa imepoa kabisa, minya mipira karibu na ncha zake. Mpira mzima ni mgumu kiasi na unarudi. Ukiwa laini kama sponji, umeoza kwa ndani. Ukiwa mkavu na unapasukapasuka, umekwisha. Angalia uvimbe karibu na klipu, mafuta ya injini yaliyoulowesha, na ukoko mweupe au wa rangi ya kulanti. Zulia la mbele likilowa bila mvua, au ukasikia harufu tamutamu ndani, kirejeta chenyewe kinavuja.

Siku ya kubadilisha, simama hapohapo na fundi. Badilisha yote miwili na klipu zake, maana iliingia kazini siku moja. Asivute mpira wa zamani kwa nguvu, bomba la hita ni jembamba na linavunjika. Auchane kwa wembe kwa urefu, kisha asafishe bomba. Mpya uwe na kipenyo kilekile na usipinde hadi kujifunga, wala usiguse bomba la moshi. Mkijaza, jazeni kulanti iliyochanganywa vizuri, si maji ya bomba, maana chumvi na kutu vinakula mabomba. Hita iwekwe kwenye moto, injini iwashwe ikiwa ya baridi na kifuniko kikiwa wazi, hewa itoke, muongeze. Baadaye likishapata moto, kifuniko hakiguswi.

Najua wapo watakaosema maisha magumu. Ni kweli. Na kirejeta kikivuja, kung'oa dashibodi ni kazi kubwa, kukikata kwa muda naelewa. Basi kata kwa mpira mpya na klipu mpya, si kipande kilichookotwa chini ya meza.

Ila tusidanganyane kwamba tatizo ni pesa tu. Sisi tuliosoma tunajua bei ya rimu, tinti na muziki, lakini boneti hatufungui. Fundi akisema kweli tunadhani anatuibia, akitupa njia ya mkato tunamwita mtaalamu. Fundi wangu alinipa njia mbili na bei zake. Aliyechagua ni mimi.

Kesho asubuhi, kabla ya kuwasha, fungua boneti uminye mipira miwili. Dakika tano tu. Naomba kutoa hoja.