Mishipa ya jicho hujitawala yenyewe

Je, umewahi kujiuliza ni nani anayeamua damu kiasi gani iingie katika jicho lako? Wengi watajibu kuwa ni moyo. La, moyo kazi yake ni kusukuma. Kugawa ni kazi nyingine, na katika jicho kazi hiyo hufanywa kwa njia ya ajabu.

Nyuma ya jicho kuna utando mwembamba uitwao retina. Huo ndio unaopokea mwanga na kuugeuza kuwa habari za kupelekwa kwenye ubongo. Japo ni mwembamba, ni mlafi wa oksijeni, na cha kushangaza ni kwamba huitumia kwa wingi zaidi gizani kuliko mchana.

Mishipa mingi ya damu mwilini huamrishwa na neva ibane au ilegee. Mishipa ya retina haina neva hizo. Hujitawala yenyewe kwa kemikali zinazotengenezwa hapo hapo. Baadhi ya kemikali hizo ni peptidi, yaani vipande vidogo vya protini.

Mashuhuri miongoni mwazo ni endothelini, iliyogunduliwa nchini Japani na Masashi Yanagisawa na wenzake, wakaitangaza mwaka wa 1988. Hutoka katika chembe zilizotanda upande wa ndani wa mshipa, na hubana mshipa kwa nguvu nyingi mno. Chembe hizo hizo hutoa pia hewa iitwayo naitriki oksaidi, ambayo hulegeza. Mmoja anafunga mfereji, mwingine anafungua, na jicho hupata damu inayolitosha.

Tabaka lililo nyuma ya retina, koroidi, ndilo linalopata sehemu kubwa ya damu ya jicho. Hilo lina neva, lakini hata neva zenyewe hutuma peptidi kama tarishi: neuropeptidi Y hubana mishipa, nyingine hupanua.

Kwa nini haya yakuhusu, msomaji? Kwa sababu mizani hii ikiharibika, macho huwa hatarini. Sukari nyingi katika damu hudhuru chembe hizo za mishipa, na ndiyo sababu kisukari hupofusha watu. Katika glakoma, ambayo wengi huiita presha ya macho, mara nyingi msukumo ndani ya jicho hupanda na damu hupita kwa shida. Mishipa mizima hujipanua, iliyodhoofika hushindwa. Watafiti wamekuta endothelini nyingi kuliko kawaida katika maji ya jicho ya baadhi ya wagonjwa hawa. Isitoshe, wapo wanaougua glakoma ilhali presha ya jicho ni ya kawaida, na kwao damu hafifu hushukiwa sana.

Ubaya ni kwamba glakoma ya kawaida haiumi. Huanza kula pembeni mwa macho, nawe ukaendelea kusoma gazeti bila wasiwasi. Kikulacho ki nguoni mwako. Neva ya jicho ikishakufa haifufuki, ingawa dawa za matone zaweza kuokoa iliyobaki.

Basi ikiwa mzazi au ndugu yako ana glakoma, au umepita miaka 40, mwone daktari wa macho akupime. Mwenye kisukari apimwe kila mwaka, hata kama anaona vizuri. Na jicho likizima ghafla bila maumivu, usingoje kesho: kimbia hospitali saa hiyo hiyo.